Mlemavu Adaiwa Vyeti, Mwenye Jengo Haulizwi

Wiki ya kwanza ya Februari 2004 Nairobi ilitembea kwa miguu. Watu wa Kawangware, Kayole na Githurai waliamka gizani wakashika njia, kwa sababu matatu nyingi zilikuwa zimeegeshwa. John Michuki, Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, alikuwa ametoa masharti yasiyo na mjadala: mkanda wa usalama kwa kila kiti, kidhibiti mwendo kisichoruhusu gari kupita kilomita 80 kwa saa, mstari wa manjano ubavuni, sare kwa dereva na kondakta. Gari ambalo halijatimiza masharti lisionekane barabarani. Wenye matatu walilia, wakagoma, wakasema gharama hiyo itawafilisi. Kisha wakaenda kununua mikanda.

Mwaka huo huo, bila kelele yoyote, ilianza kutumika Sheria ya Watu Wenye Ulemavu iliyopitishwa 2003. Nayo ilikuwa na sharti kwa matatu. Wenye magari ya abiria walitakiwa kuyarekebisha yawafae watu wenye ulemavu, na wakapewa miaka 2 tangu kifungu hicho kianze kutumika. Wenye majengo ya umma walipewa miaka 5. Ila vifungu hivyo, pamoja na kile kinacholikabidhi Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu uwezo wa kumwandikia mwenye jengo au gari amri ya kurekebisha, vilibaki kabatini hadi Januari 2010. Hesabu kuanzia hapo: muda wa matatu uliisha 2012, wa majengo ukaisha 2015. Simama leo pale Odeon, kituo cha matatu katikati ya jiji, saa kumi na mbili jioni, uangalie ni gari gani ambalo mtu wa kiti cha magurudumu anaweza kupanda bila kubebwa mgongoni.

Mfano wa pili haujachakaa sana. Agosti 2017 serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, na adhabu ikatangazwa: faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka 4. Wenye viwanda walikimbilia mahakamani. Haikupita muda mama mboga wa Kangemi alikuwa anakuuliza kama umekuja na kiondo chako.

Kwa hivyo sikubali ule wimbo kwamba serikali yetu haina uwezo. Ikilitaka jambo, huweka tarehe, hutuma askari, hutaja faini, na mji mzima hujipanga. Watu wenye ulemavu wamepewa Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010, ambacho kimeandikwa vizuri kweli kweli: kuheshimiwa utu wao, kufika mahali popote pa umma, kutumia usafiri wa umma, kupata habari, kutumia lugha ya ishara na breli. Wamepewa Mkataba wa Umoja wa Mataifa ambao Kenya iliuridhia Mei 2008. Wamepewa hotuba kila tarehe 3 Desemba, na viti vya magurudumu vinavyokabidhiwa mbele ya kamera huku mkubwa fulani akishika mpini. Askari na faini ndio hawajafika.

Lakini ukali upo. Umeelekezwa tu kwa mtu asiyestahili.

Fuata safari ya kadi ya kumtambulisha mtu mwenye ulemavu. Fundi wa Mukuru kwa Njenga amekatwa mguu baada ya kugongwa na lori. Ili serikali imtambue, huanzia hospitali ya umma iliyoidhinishwa kufanya tathmini ya ulemavu. Katika hospitali nyingi madaktari wanaohusika huketi siku maalum. Ukifika siku nyingine unarudi nyumbani. Fomu ijazwe, ipigwe muhuri, ipite wizarani, ifike kwa Baraza, siku hizi kwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ambako mtu asiye na simu ya kisasa humlipa kijana wa cyber amjazie. Kila hatua ina nauli yake, na nauli ya mtu wa kiti cha magurudumu si nauli yangu mimi na wewe. Makanga humtoza nafasi ya pili kwa ajili ya kile chuma kinachokaa kwenye njia ya abiria, au humwambia, "Boss, ngoja ingine." Hiyo ingine nayo husema ingine.

Akishapata kadi, na akiwa na bahati ya mshahara, sheria humsamehe kodi ya mapato kwa shilingi 150,000 za kwanza kila mwezi. Ni msamaha mzuri, na nawajua watu uliowasomeshea watoto. Hata hivyo hauji wenyewe kwa kuwa na kadi. Unaombwa upya KRA, mamlaka ya ushuru, kwa vyeti vingine, na kwa miaka mingi cheti hicho kimekuwa na tarehe ya kuisha, kana kwamba mguu uliokatwa huota tena.

Hoja ya upande wa pili naijua. Wajanja wenye miguu yao miwili watazitafuta hizo kadi wakwepe kodi au waingize gari bila ushuru. Ni kweli, na ukaguzi lazima uwepo. Ninachouliza ni kwa nini ukaguzi uwe mkali kwa mlemavu peke yake.

Mgeukie sasa mwenye jengo. Alipoanza kujenga alipeleka michoro City Hall, kwa serikali ya jiji, ikiwa na muhuri wa msanifu, na ndani ya michoro rampu ilikuwepo, imechorwa ikapendeza. Jengo likapanda. Iko rampu moja karibu na River Road ambayo nimeitazama mara nyingi. Mwinuko wake ni mkali kiasi kwamba hata hamali wa mkokoteni hupendelea kuzunguka nyuma. Imewekwa vigae vya kung'aa, vile vinavyoteleza mvua ikinyesha. Mwishoni, mahali ambapo kiti kingeingilia ukumbini, pamesimikwa nguzo ya chuma ya kuzuia bodaboda. Humo ndani kuna choo chenye picha ya kiti cha magurudumu mlangoni. Kimefungwa kwa kufuli. Kimejaa ndoo na mifagio, na ufunguo anao msafishaji ambaye hutoka saa sita. Jengo hilo lilipata vibali vyote. Hakuna aliyekuja na futi kupima ule mwinuko, wala aliyemwambia mwenye jengo athibitishe kwamba mtu asiye na miguu anaweza kufika ghorofa ya tatu siku stima zimepotea na lifti imelala.

Serikali nayo si mwenye jengo mwema kuliko wengine. Kati ya 2020 na 2021 katikati ya jiji palijengwa upya njia za wapita kwa miguu, kazi nzuri iliyopanua Barabara ya Kenyatta na mitaa ya jirani. Kwa mara ya kwanza sehemu nyingi za kando ya barabara zikawa sawa, bila mashimo. Halafu tukaziba miingilio kwa vizuizi vya pikipiki na wachuuzi wakatandaza bidhaa kwenye kilichobaki. Simlaumu mchuuzi; namlaumu aliyetumia mamilioni ya fedha za umma bila kuweka mtu wa kulinda upana wa njia hiyo baada ya utepe kukatwa.

Na ulemavu hauishii kwenye ngazi, ingawa sisi waandishi hupenda ngazi kwa sababu zinapigika picha. Jirani yangu ni kiziwi. Akienda kliniki ya umma anakuta mfumo ambao umejengwa juu ya sikio: nesi anajitokeza mlangoni, anaita jina mara mbili, asipojibiwa faili inaenda chini ya rundo. Mama huyo hukaa akitazama midomo ya nesi tangu asubuhi, haangalii simu, haendi msalani, kwa sababu akipepesa macho zamu yake imepita. Akiingia kwa daktari, mkalimani ni bintiye wa darasa la sita, ambaye hulazimika kumtafsiria mama yake maswali kuhusu hedhi na kuhusu ndoa. Katiba hiyo hiyo, Kifungu cha 120, inaitaja Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa moja ya lugha rasmi za Bunge, sambamba na Kiswahili na Kiingereza. Waheshimiwa wakitupiana maneno, kiziwi hufuata kila tusi kupitia mkalimani wa pembeni. Akiumwa, anamtegemea mtoto. Kibao cha namba chenye taa, kama vilivyo kwenye benki, kingemaliza nusu ya tatizo lake, na hakihitaji sheria mpya.

Hapa niseme kidogo kuhusu hesabu, maana bajeti hupangwa kwa hesabu. Sensa ya 2009 ilionyesha kwamba Wakenya milioni 1.3 hivi, yaani asilimia 3.5, walikuwa na ulemavu. Sensa ya 2019 ikatoa takriban 900,000, asilimia 2.2 ya wenye umri wa miaka 5 na zaidi. Je, walemavu walipona? Hapana, maswali yalibadilika. Sensa ya 2019 iliuliza mtu anapata ugumu kiasi gani kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana, na waliohesabiwa ni waliojibu kwamba wanapata ugumu mkubwa au hawawezi kabisa. Ni njia halali inayotumika nchi nyingi. Lakini iliwaacha nje watoto wadogo, na iliwaacha wenye ugumu wa wastani. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba asilimia 16 ya watu duniani wana ulemavu wa maana. Kati ya 2.2 na 16 kuna pengo ambalo haliwezi kuelezwa na afya njema ya Wakenya. Nami naongeza jambo ambalo kila mtu mtaani analijua: karani wa sensa akibisha hodi, wapo wanaomwacha mtoto chumba cha ndani. Waziri anayepanga kwa 2.2 anapangia walioonekana.

Tuje kwenye pesa, kwa sababu utetezi wa kwanza wa mwenye matatu na mwenye jengo ni pesa. Kwa matatu ndogo ya abiria 14 nakubaliana nao nusu. Lile gari ni la mizigo lililogeuzwa, halina paa la kutosha wala njia, na kulilazimisha libebe kiti cha magurudumu kwa usalama ni kujidanganya. Basi za abiria 33 na zaidi ni jambo jingine. Nyingi haziji nchini zikiwa basi. Huja kama chasi ya lori, kisha mafundi wetu wa hapa huunda bodi juu yake, na ndiyo maana sakafu iko juu kiasi kwamba hata mjamzito hushika chuma kwa mikono miwili ili apande. Bodi hizo zina kiwango cha kitaifa, KS 372, ambacho tayari kinasimamia uimara wa bodi na viti. Mlango mpana, ngazi ya chini inayokunjuka na nafasi moja isiyo na kiti, vikiwekwa fundi akiwa bado anachomelea, ni gharama ndogo. Kuvidai baada ya gari kupakwa rangi na kuwekwa muziki ni vita. Kila mwaka magari hayo hupita kwenye ukaguzi, afisa anaangalia breki, taa na kidhibiti mwendo cha Michuki. Mstari mmoja wa ziada kwenye fomu yake ungetosha kuanzia. Mabasi ya umeme yalipoanza kuonekana Nairobi 2022 tulikuwa na nafasi safi ya kusema gari jipya lisilo na mlango huo halipewi leseni. Nafasi hiyo bado haijafungwa kabisa, maana basi nyingi za umeme bado hazijanunuliwa.

Mwenye jengo naye hawezi kulia sana. Chini ya sheria ya 2003 mwajiri binafsi aliyerekebisha jengo lake liwafae wafanyakazi wenye ulemavu aliweza kuomba nusu ya gharama hiyo iondolewe kwenye mapato yanayotozwa kodi. Karoti ilikuwepo. Kiboko kilibaki kabatini, na bila kiboko ni wachache wanaouliza karoti iko wapi.

Mei 2025 Rais William Ruto alitia saini Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu, iliyosukumwa kwenye Seneti na Crystal Asige, seneta mteule ambaye mwenyewe ana ulemavu wa kuona. Ile ya 2003 ikafutwa. Mpya ni bora, na sitaki kuonekana nambeza aliyeihangaikia. Chukua ajira. Sheria ya zamani ililiambia Baraza lijitahidi kupata asilimia 5 ya kazi za vibarua, za dharura na za mkataba. Yaani hata kwenye karatasi mlemavu alitengewa kibarua. Mpya inamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na zaidi atenge angalau asilimia 5 ya nafasi zake. Kwa kampuni ya watu 20 huyo ni mtu mmoja. Kwa wizara ni mamia.

Hapo ndipo naanza kuwa na shaka, na shaka yangu inatoka serikalini kwenyewe. Lengo la asilimia 5 kwenye nafasi za kuteuliwa na kuchaguliwa limo kwenye Katiba tangu 2010. Tume ya Utumishi wa Umma hutoa ripoti, na ripoti zimekuwa zikionyesha idara nyingi zikiwa mbali sana na lengo hilo. Ni katibu gani wa wizara aliyewahi kukatwa mshahara au kunyimwa bajeti kwa kukosa kulifikia? Serikali ambayo haijajitoza faini yenyewe itamtoza mwenye kiwanda gani Industrial Area? Kwenye zabuni ni hivyo hivyo. Asilimia 30 ya manunuzi ya umma imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na ndani yake asilimia 2 ni ya walemavu. Mwenye kiwanda kidogo cha sabuni Kariobangi anayeshinda zabuni ya kaunti hukaa akisubiri malipo ya bili hadi mtaji unakauka. Haki aliipata, pesa ndiyo hajaiona.

Kuna kundi ambalo hata sheria nzuri ya ajira hailigusi. Ni wale wenye ulemavu mkubwa wanaohitaji mtu wa kuwatunza mchana na usiku. Kwa hao serikali ina Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi, kiasi ambacho hakijasogea kwa zaidi ya mwongo mmoja huku unga, kodi ya nyumba na nauli vikipanda kila uchao. Mpango wenyewe nautetea, kwa kuwa kabla yake hapakuwa na kitu. Lakini tuongee ukweli. Mama wa Mathare anayemlea kijana wa miaka 15 mwenye mtindio wa ubongo hanunui tu chakula. Hununua nepi za watu wazima, sabuni, na maji ya ziada kwa mtungi. Hawezi kufanya kibarua cha kufua kwa sababu hana wa kumwachia. Pesa hiyo inamhesabia kijana ulemavu wake, na haimhesabii mama siku zake za kazi zilizopotea. Kipindi ambacho malipo huchelewa, halafu yakaja ya miezi miwili kwa pamoja, mama huyo huwa ameshakopa dukani na pesa ikiingia kwenye simu inaelekea kwa mwenye duka.

Sheria mpya itahitaji kanuni za kuitekeleza, na huko ndiko tulikopigwa chenga mara ya kwanza. Kanuni zikiandikwa kwa lugha ya "kuhamasisha" na "kushirikisha wadau", tukutane tena 2040. Mimi ningetazama mambo machache tu. Je, zinataja tarehe moja kwa vifungu vyote, au zinaruhusu tena vingine vibaki kabatini miaka sita? Je, afisa wa kaunti anayetoa kibali cha kutumia jengo ataandika jina lake na kipimo cha rampu aliyoipima kwa mkono wake, ili kesho akiulizwa asiseme ni idara? Na Baraza, ambalo ofisi zake ziko Waiyaki Way, litachapisha kila mwaka orodha ya amri za marekebisho lilizotoa, kwa majengo gani, na nani alikaidi? Picha za viti vilivyogawiwa huchapishwa bila kuombwa. Orodha hiyo nayo ichapishwe.

Upo pia mtihani wenye tarehe tayari. Uchaguzi mkuu ni Agosti 10, 2027, na vituo vingi vya kupigia kura Nairobi ni madarasa ya shule za msingi, mengi yakiwa na ngazi mbili au tatu mlangoni. Sheria inamruhusu mpiga kura mwenye ulemavu kuja na msaidizi, na ndiyo njia rahisi ambayo tumezoea: anabebwa na vijana wa kituo, anashangiliwa, anapigwa picha. Tume ya uchaguzi na Wizara ya Elimu zina muda wa kutosha kupita shule kwa shule, kuanzia Westlands, ambako mbunge wa tangu 2013, Timothy Wanyonyi, mwenyewe hutumia kiti cha magurudumu, na kumwaga simiti mbele ya kila darasa litakalotumika. Masanduku ya kura yakishaondolewa, shule zitafunguliwa na mtoto wa Grade 4 atapita juu ya rampu hiyo hiyo kwenda kusoma.